Nani aliyempa mchunga ng'ombe bunduki?

Neno Sahel, ambalo tunalisikia redioni kila uchao likiandamana na habari za vita, ni ndugu wa damu wa neno Kiswahili. Yote mawili yametokana na neno la Kiarabu sahil, maana yake pwani au ukingo. Sisi tulilipata jina hilo kwa ajili ya ukingo wa bahari. Wao walilipata kwa ajili ya ukingo wa jangwa, kana kwamba Sahara ni bahari ya mchanga na ngamia ndiye jahazi lake. Kwa hiyo msomaji asishangae mtu wa Sigalame, ambako hakuna ngamia wala jangwa, akichukua nafasi hii kuzungumza juu ya Darfur. Nitarudi nyumbani upesi kuliko anavyodhani.

Mji wa El Fasher uliangukia mikononi mwa Vikosi vya Msaada wa Haraka, maarufu kwa herufi RSF, tarehe 26 Oktoba 2025. Siku chache baadaye nilikuwa nyumbani kwa ajili ya matanga. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi mbele ya duka moja sokoni, nikingoja mvua ipungue nipate pikipiki ya kunifikisha Funyula. Redio ikatangaza habari za wagonjwa waliouawa hospitalini na za watu waliokimbia usiku kwa miguu. Mwenye duka, kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye hukosi kumkuta na gazeti mkononi, akatikisa kichwa akaniambia, "Mwalimu, hao si ni wafugaji wa Kiarabu? Wafugaji ndivyo walivyo. Hawana kwao, kwa hiyo hawaogopi kuharibu kwa wenzao." Waliokuwapo wakaitikia. Nakiri kwamba mimi pia nilikaribia kuitikia.

Nimeifikiria kauli hiyo kwa muda mrefu tangu hapo, kwa sababu kazi yangu ni lugha, na mara nyingi kauli fupi hubeba mzigo ambao msemaji hakuupima. Ina nusu mbili. Nusu ya kwanza, kwamba wafugaji ndivyo walivyo, ni uongo. Nusu ya pili, kwamba hawana kwao, ina ukweli mwingi kuliko kijana yule alivyojua.

Tuanze na hiyo ya pili. Neno dar ni lile lile tulilo nalo katika Dar es Salaam: nyumba, makao. Darfur ni makao ya Wafur. Usultani wa Wafur, ambao ulikoma mwaka 1916 pale majeshi ya Waingereza yalipomuua Sultani Ali Dinar, ulikuwa na desturi ya kuwagawia wakuu ardhi kwa utaratibu ulioitwa hakura. Kadiri miaka ilivyopita, makabila makubwa yakawa na dar zao zinazojulikana. Waarabu wa kusini wafugao ng'ombe, waitwao Baggara kwa neno lile lile analolijua kila aliyewahi kuisikia Sura ya Al-Baqara, nao walipata dar. Lakini Waarabu wa kaskazini wafugao ngamia, na hasa Warizeigat wa Kaskazini, hawakupata. Wao walikuwa watu wa kupita. Walikuwa na haki ya njia na haki ya maji, ila ardhi ya kuiita yao hawakuwa nayo.

Kwa vizazi kadhaa jambo hilo halikuwa msiba. Mavuno yakiisha, ngamia waliingia mashambani wakala mabua wakaacha samadi, na mkulima alifurahi. Njia za mifugo zilijulikana, na ugomvi ulipozuka wazee waliuketia hadi ukaisha. Kisha serikali ya Nimeiri mwaka 1971 ikaufuta utawala wa jadi uliokuwa ukiamua mashauri hayo, na haikuweka kitu cha maana mahali pake. Ukaja ukame wa mwaka 1983 na 1984. Mkulima aliyeogopa njaa akazungushia shamba lake miiba, na mwenye ngamia akakuta njia ya babu yake imefungwa. Wakati huo huo vita vya Chad na siasa za Libya vilikuwa vikimwaga bunduki katika eneo hilo. Kati ya mwaka 1987 na 1989 Wafur na Waarabu walipigana vita vikali, na Khartoum ilitazama tu, kama mtu anayetazama moto katika boma la jirani asiyempenda.

Mwaka 2003, waasi wa Darfur walipoushambulia uwanja wa ndege wa El Fasher, serikali ya Omar al-Bashir haikuwa na askari wa kutosha iliowaamini. Wengi wa askari wake walikuwa wana wa Darfur. Ikawatafuta watu wenye farasi, wenye ngamia, wenye kinyongo na wasio na ardhi, ikawapa silaha na mshahara, na ikawaahidi kwamba watakachokiteka ni chao. Hao ndio walioitwa Janjaweed. Wapo wanaosema jina hilo ni muungano wa jini na farasi. Mimi etimolojia za namna hiyo hunitia shaka, kwa kuwa zinapendeza mno, lakini naelewa kwa nini mtu aliyeona kijiji chake kikichomwa alfajiri aliona kwamba majini ndiyo yaliyopanda farasi wale.

Lililo muhimu zaidi, na ambalo kijana wa duka hakupewa nafasi ya kulisikia redioni, ni kwamba sehemu kubwa ya Waarabu wa kusini, wale wenye dar yao, walikaa kando ya vita vya mwaka 2003. Kiongozi wa jadi wa Warizeigat wa Kusini, Said Madibo, alikataa kuwaingiza watu wake. Walikuwa wafugaji vile vile. Walikuwa Waarabu vile vile. Kilichowatenga na ndugu zao wa kaskazini ni kwamba walikuwa na ardhi, na walikuwa na sababu ya kuishi vizuri na jirani watakayemkuta pale pale mwakani.

Sitaki kumficha msomaji lisilonisaidia katika hoja yangu. Miaka 20 baadaye, vita vya Aprili 2023 vilipozuka kati ya jeshi la Sudan na RSF, viongozi kadhaa wa jadi wa Waarabu wa Darfur Kusini walitangaza kwamba wako upande wa RSF. Kufikia hapo Janjaweed walikwisha kupewa sare na jina la kiserikali tangu mwaka 2013. Mkuu wao, Mohamed Hamdan Dagalo, aitwaye Hemedti, alikuwa amegeuka kutoka mchuuzi wa ngamia kuwa mmiliki wa dhahabu na mwenye kukodisha askari hata kwa vita vya Yemen. Fedha na bunduki zikizidi kiasi, hata mwenye dar yake hulazimika kuchagua bwana. Huko El Geneina, mwaka ule ule wa 2023, Wamasalit waliuawa kwa idadi ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliikadiria kuwa kati ya 10,000 na 15,000 katika mji huo mmoja. Mamia ya maelfu walivuka kwenda Chad. Sidai kwamba ukosefu wa ardhi unaeleza kila risasi, sembuse kuisamehe. Nasema tu kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeviunda anajulikana.

Sasa nirudi nyumbani kama nilivyoahidi.

Mtu akisimama juu ya vilima vya Samia anaona Uganda. Mpaka tulio nao ulichorwa na maofisa wa Kiingereza, na mwaka 1902 wakaikata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakaitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia wakabaki pande mbili, na Wateso wakabaki pande mbili: wengine Malaba, Amagoro na Amukura, wengine Tororo, Kumi, Soroti na Katakwi. Nilipokuwa mtoto mdogo, mwishoni mwa miaka ya themanini, nyumbani kwetu walifika wageni kutoka ng'ambo. Shangazi yangu mmoja alikuwa ameolewa kwa Wateso wa Uganda. Alikuja na mumewe, watoto wanne, sufuria na magodoro mawili. Nakumbuka baba alitoka nje, akatazama barabarani nyuma yao, akauliza kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini, "Ng'ombe je?" Shemeji yake hakujibu. Aliketi chini ya mwembe akavua viatu.

Msomaji wa leo huenda asielewe uzito wa swali hilo. Wateso walianza kulima kwa plau na maksai mwanzoni mwa karne ya 20, sambamba na pamba, wakawa miongoni mwa wakulima waliosifiwa sana katika Uganda yote. Ng'ombe alikuwa benki, trekta, mahari na karo ya shule. Kati ya mwaka 1986 na mwanzoni mwa miaka ya tisini karibu mifugo yote ya Teso ilichukuliwa, hasa na wavamizi kutoka Karamoja, na mikono mingine pia iliyotumia nafasi hiyo. Mashamba yaliyokuwa yakigeuzwa na jozi mbili za maksai yakarudi kwenye jembe la mkono. Watu waliokuwa wakisomesha watoto chuo kikuu wakaanza kuomba mbegu.

Nilikua nikisikia kwamba Wakaramojong ndivyo walivyo. Tulitishiwa nao usiku tulipokataa kulala. Ilinichukua hadi masomo ya shahada kutambua kwamba Kiteso, Kikaramojong na Kiturkana ni lugha za jamii moja, zinazokaribiana kiasi kwamba wasemaji wake hufahamiana kwa shida kidogo tu. Pale Mkaramojong na Mturkana wanapoanza jina la watu kwa ng'i-, Mteso huanza kwa i- tupu: Ng'ikarimojong, Ng'iturkana, Iteso. Neno la ng'ombe lina mzizi mmoja katika zote tatu. Mapokeo yao yenyewe yanasema walikuwa kundi moja lililotembea pamoja. Wazee walipochoka wakabaki, na ndio Wakaramojong, watu wa wazee waliochoka. Vijana wakaendelea mbele, wakaambiwa wanakwenda kutafuta makaburi yao, na ndio Wateso. Hii nayo ni etimolojia inayopendeza mno. Hata hivyo, kwa historia ya watu ina maana: mvamizi na mvamiwa wote wawili wanajua kwamba wao ni ndugu.

Ikiwa ni ndugu, na ikiwa kuibiana ng'ombe kwa mikuki lilikuwa jambo la zamani lenye mipaka yake, nini kilibadilika? Kilichobadilika kina tarehe. Mwaka 1979 utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari waliikimbia kambi ya Moroto, na ghala lake la silaha likaachwa wazi. Wakaramojong waliingia wakajichukulia. Mwaka uliofuata njaa iliwaua watu wengi mno huko Karamoja, na bunduki ikawa chombo cha kutafutia chakula. Serikali ya Obote iliweka wanamgambo kwenye mpaka wa Teso na Karamoja. Serikali ya Museveni ilipochukua madaraka Januari 1986 iliwavunja hao wanamgambo, kwa kuwa walikuwa watu wa utawala uliopinduliwa, na haikuweka wengine. Mlango ukabaki wazi. Wateso wengi wanaamini hadi leo kwamba uliachwa wazi kwa makusudi. Mimi sina ushahidi wa nia, ila matokeo hayahitaji ushahidi. Mwaka 1987 Teso ikaasi. Vita hivyo vilidumu hadi mwaka 1992, na ndani yake kuna siku ya tarehe 11 Julai 1989, ambapo watu 69 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya behewa la treni katika kituo cha Mukura, walimofungiwa na askari wa serikali.

Na hao Wakaramojong, je, walikuwa na kwao? Walikuwa na nchi, lakini nchi hiyo ilikuwa ikipungua. Serikali ya kikoloni, na baada yake serikali ya uhuru, zilitenga sehemu kubwa ya Karamoja kuwa hifadhi za wanyamapori. Mwaka 1962 Bonde la Kidepo lilifanywa mbuga ya taifa. Tena kukawa na hifadhi za Matheniko, Bokora na Pian Upe. Malisho ya kiangazi yakawa ya swala na twiga. Mfugaji akibanwa kaskazini na mashariki, huelekea magharibi kwenye majani na maji, na magharibi kuna Mteso amepanda mtama.

Sisemi kwamba Karamoja ni Darfur. Hakuna aliyewapa Wakaramojong ndege za kutangulia kupiga mabomu, wala hawakuahidiwa ardhi ya Wateso. Walitaka ng'ombe, wakarudi kwao. Lakini katika pande zote mbili ukiuliza bunduki ilitoka wapi, utafikia mlango wa ghala la serikali, ama lilifunguliwa kwa amri ama liliachwa bila mlinzi. Na ukiuliza ardhi ilikwenda wapi, utafikia ofisi.

Mfano wa karibu zaidi ni ule tunaoutazama kila asubuhi isiyo na ukungu. Mlima Elgon, ambao majirani zetu huuita Masaba, uko juu ya Malaba na Bungoma, na Wasabaot waishio huko walikuwa wafugaji kabla ya mashamba ya walowezi kuwasukuma juu mlimani. Mwaka 1968 eneo la Chepkitale lilifanywa hifadhi ya wanyama, na wakazi wake wa Mosop, ambao pia huitwa Ndorobo au Ogiek, wakatakiwa kuondoka. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa makazi wa Chebyuk ili kuwapa mahali pengine. Lakini wenzao wa Soy nao walitaka ardhi hiyo, na kila uchaguzi ulipokaribia mwanasiasa fulani aliahidi kuigawa upya. Mpango ukapimwa, ukafutwa, ukapimwa tena. Mwaka 2006 awamu ya tatu ilipotekelezwa, watu waliokuwa wamelima hapo kwa miaka mingi walijikuta hawamo katika orodha. Ndipo kikundi cha Sabaot Land Defence Force kilipoibuka, chini ya Wycliffe Matakwei. Kilitoza watu kodi, kikakata masikio, kikaua. Human Rights Watch ilieleza mwaka 2008 kwamba waliouawa na kikundi hicho walizidi 600.

Hebu msomaji ayatazame maneno yenyewe. Mosop ni nchi ya juu. Soy ni nchi ya chini. Ni maneno ya jiografia, kama mtu wa Pwani kusema mrima na kisiwani. Wasemaji wake ni jamii moja, na lugha zao ni za ukoo mmoja wa Kikalenjin. Karatasi za ugawaji ziliyageuza maneno ya mteremko kuwa majina ya maadui. Huko Darfur ilikuwa vivyo hivyo: mtu aliyekuwa mkulima leo na mfugaji kesho, kulingana na wingi wa ng'ombe wake, akajikuta amegawanywa kati ya Mwarabu na zurga, neno ambalo asili yake ni rangi ya buluu na ambalo huko lina maana ya mtu mweusi, tena kwa dharau. Rangi zao, kwa macho ya mgeni, huwezi kuzitofautisha.

Na kwa kuwa nimeshika maneno, kuna jambo linaloniudhi kama mwalimu wa Kiswahili. Serikali zetu zikitaka kwenda kuwapokonya wafugaji bunduki hulikimbilia Kiswahili ili kulipa jina zoezi lenyewe. Mwaka 1984 ilikuwa Operesheni Nyundo dhidi ya Wapokot, na angalau jina hilo lilisema kweli. Machi 2008, jeshi la Kenya lilipanda Elgon kwa jina la Okoa Maisha. Liliwakomesha wafuasi wa Matakwei, naye mwenyewe aliuawa Mei mwaka huo. Lakini ripoti za Human Rights Watch na za tume yetu wenyewe ya kitaifa ya haki za binadamu zilieleza pia habari za wanaume waliokusanywa kijiji baada ya kijiji, wakapelekwa katika kambi ya Kapkota, wakateswa, na wengine hawakurudi. Tangu mwaka 2021 Uganda imeendesha operesheni Karamoja iitwayo Usalama Kwa Wote. Februari 2023 Kenya ikapeleka jeshi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa kwa jina la Maliza Uhalifu. Lugha yetu imekuwa kanga ya kufunikia kitu ambacho hatutaki wageni wakione. Uhalifu unaomalizwa kila baada ya miaka michache haumalizwi.

Historia ya Karamoja inaonyesha ni kwa nini. Mwishoni mwa mwaka 2001 serikali ya Uganda iliwaomba wafugaji wasalimishe silaha kwa hiari, nao maelfu walifanya hivyo. Mwaka 2002 jeshi likaitwa kaskazini kupigana na Lord's Resistance Army, na waliosalimisha bunduki wakabaki mikono mitupu mbele ya wale waliozificha. Mtu aliyenyang'anywa ng'ombe kwa sababu aliitii serikali hatatii mara ya pili. Waasi hao walipoingia Teso katikati ya mwaka 2003, serikali ile ile iliyokuwa ikikusanya bunduki upande mmoja wa mpaka ikaanza kuzigawa upande wa pili, kwa vijana wa Teso walioitwa Arrow Boys. Walipigana kwa ushujaa na waliikomboa nchi yao. Hilo halina ubishi. Lakini mtoto wa Katakwi na mtoto wa Napak wote wamefundishwa somo moja: kwamba bunduki hutoka serikalini, na hutegemea serikali inamwogopa nani wakati huo.

Neno mwanamgambo lenyewe lina historia yake. Mgambo wa asili haukuwa jeshi. Ulikuwa ni wito wa hadhara, tangazo la mji mzima, na ndiyo maana tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Aliyeitwa kwa mgambo aliitwa na wote, mchana, na alirudi kwake jambo lilipokwisha. Wasukuma na Wanyamwezi walilijua hilo walipoanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya themanini, kuwafuata wezi wa ng'ombe kwa pinde na mayowe. Walikuwa na makosa yao, hata ya kuua, na serikali ya Tanzania ilisita kabla ya kuwatambua kisheria mwaka 1989. Lakini silaha zao hazikutoka ghalani, na kila mtu kijijini alijua nani amebeba upinde.

Hapa Kenya tumekuwa na polisi wa akiba. Mwaka 2019 serikali iliwanyang'anya bunduki katika kaunti za kaskazini, ikisema baadhi yao walikuwa wakizitumia katika uvamizi ule ule waliowekwa kuuzuia. Baadaye ikaanza kuwaajiri upya. Silaumu familia ya Baringo au Turkana inayotaka mtu wake awe na bunduki wakati kituo cha polisi kiko mwendo wa siku nzima. Ningekuwa huko ningetaka vivyo hivyo. Ninachodai ni kwamba kila bunduki inayotolewa iwe na namba inayosomwa hadharani katika baraza la chifu, pamoja na jina la aliyeibeba, na kwamba vijiji viwili jirani vya makabila mawili visikilize orodha moja. Siri ndiyo iliyowazaa Janjaweed. Ninadai pia kwamba mipaka ya malisho na njia za mifugo ziandikwe kabla ya silaha kugawiwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii tunayo tangu mwaka 2016, na utekelezaji wake ni wa kujikongoja.

Nitaambiwa kwamba mahakama ni polepole kuliko risasi. Ni kweli. Watu wa Chepkitale walifukuzwa mwaka 1968, na ilikuwa Septemba 2022 pale mahakama ya mazingira na ardhi mjini Bungoma ilipoamua kwamba ardhi hiyo ni yao. Ni zaidi ya nusu karne. Lakini katika muda huo huo bunduki za Elgon hazikumpatia mtu yeyote hata ekari moja yenye hati.

Waandishi wenzangu nao nina neno nao. Tukiandika kwamba wavamizi Wapokot wameua, au kwamba Waarabu wahamaji wamevamia, tunalitaja kabila kwa herufi kubwa na kumsahau aliyewapa silaha kwa herufi yoyote. Sisemi kabila lifichwe. Msomaji si mtoto. Nasema sentensi ikamilishwe. Tendo lina mtenda, na aghalabu lina pia mtendesha. Sarufi yetu ina kiambishi kabisa cha kumtaja huyo wa pili, na ni ajabu kwamba kurasa za habari za vita huwa hazikihitaji.

Mvua ilipokatika siku ile sokoni, nilikuwa nimekwisha kumweleza kijana wa duka habari ya hakura na ya Waarabu wa ngamia walioachwa nje. Aliniuliza ni nani hasa aliyewaacha. Nikamwambia kwamba sultani alikwisha kufa zamani, na waliokuja baada yake hawakuona haraka ya kulirekebisha. Akanyamaza, akampimia mtoto mmoja sukari, akamrudishia chenji. Kisha akaniambia kwamba shamba lao wenyewe, pale nyuma ya soko, bado liko kwa jina la babu yake aliyefariki mwaka 1994, na kwamba mwezi uliopita ami zake wawili walipanda mikonge kila mmoja upande wake, na safu hizo mbili hazikutani.